Mtama wa Kuhesabia Kwera

Ziwani,
Nairobi.
Jumatatu, tarehe 12 Mei 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Lorine,

Mulembe, mama. Kabla ya yote, umekula? Usiniambie mkate na chai. Lydiah wa Buruburu, ambaye ndiye atakubebea barua hii akienda tena kumwona mwanawe huko Kanada, aliporudi mwezi wa pili aliniambia umekuwa mwembamba kama kijiti cha fagio. Nilimwambia asinisingizie mtoto. Halafu nikaingia ndani nikakuombea. Huko unaogesha nyanya za watu na kuwalisha kwa kijiko, na wewe nani anakulisha? Kula.

Mimi nipo, namshukuru Mungu. Goti la kulia bado linajua mvua kabla ya redio kutangaza. Paa la jikoni lilivuja mwezi wa nne wote, sasa limezibwa, usitume kitu. Macho ni mazima. Afadhali yangekuwa mabovu.

Anayeandika ni Njoki, jirani yetu mshonaji. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asiongeze wala asipunguze. Tumeandika kwa siku mbili. Ukiona wino umebadilika rangi, ujue hapo tuliacha tukanywa chai kwa sababu mmoja wetu alikuwa analia, na si Njoki. Sasa anasema na yeye alilia. Haya, sote wawili.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nimeshindwa. Mara tatu umenipigia wiki hizi mbili, na mara tatu nimekuambia sauti inakatika. Haikuwa inakatika. Mimi ndiye niliyekata.

Basi keti kwanza. Unajua kwamba kwera, wale ndege wafumaji wa manjano wa mgunga wetu, walikufa kwa sumu mwezi uliopita. Uliona picha kwenye WhatsApp ya kikundi cha kuhesabu ndege, ukalia, halafu ukaandika maneno. Njoki alinisomea. Uliandika, “Aliyefanya hivi hana roho ya mtu. Sote tunamjua ni nani. Atolewe Ziwani.” Alinisomea mara moja tu, sikumwambia arudie, na bado nayajua yote.

Lorine, aliyefanya hivi ni mimi.

Njoki amesimamisha kalamu, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Mikebe unaikumbuka, maana ni kazi ya mikono yako. Wenzangu wote kwenye kikundi walikuwa na kalamu na karatasi. Mimi nikasema nitabaki nyumbani niwapikie uji, kwa sababu mtu ambaye hakuingia darasani hata siku moja atahesabu nini. Ulikasirika mpaka mdomo ukavimba. Ukaniletea mikebe sita ya majani chai, ukachora ndege juu ya kila mmoja, ukasema kila ndege na mbegu yake. Mahindi ni kunguru. Maharagwe ni kwarara. Mbegu za malenge ni mwewe. Ndengu ni tetere, wimbi ni shomoro, na mtama ni kwera, kwa sababu kwera ni wengi na hawatulii. Nikiona mmoja, natia mbegu moja. Baadaye Sydney, mshika daftari wa kikundi, anamwaga mkebe kwenye sinia, anahesabu, anaandika.

Ulisema, kazi ya mgunga nakuachia wewe, Kukhu, mpaka nirudi. Ukapanda ndege.

Nimeifanya. Miaka mitatu, kila Jumamosi saa kumi na mbili u nusu asubuhi, kwenye kile kiti cha plastiki kando ya mfereji wa zamani wa kuchotea maji. Nilikosa Jumamosi mbili tu, ya kukusindikiza uwanja wa ndege na ile goti lilipogoma. Nilifika mahali nikamjua kila dume kwa kiota chake. Kulikuwa na mmoja mvivu wa upande wa barabara, anafuma, jike linakuja linatazama, linakataa, anabomoa, anaanza tena. Nilikuwa namwita Mulongo, na mjomba wako akijua atanuna.

Na ulijua pia kwa nini hesabu ile ni kubwa kuliko sisi. Wale watu wa kujenga ghorofa walipouchora mgunga alama nyekundu mwaka jana, Sydney alibeba karatasi za miezi kumi akaenda nazo ofisi ya kaunti. Yule mzee wa ofisini alisema maadamu kuna viota vyenye ndege, mti usiguswe. Karatasi zile, nusu yake ni mtama wangu. Nilitembea hapa mtaani kama diwani.

Sasa kuna lile jambo langu ulilokuwa ukilicheka. Mbegu nikishaihesabia ndege, sikuweza kuirudisha jikoni. Nitapikaje maharagwe ambayo asubuhi yalikuwa kwarara? Kwa hiyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilimwaga mbegu zote chini ya mgunga, niwarudishie wenyewe. Sydney alinivuta kando siku moja akaniambia kwa heshima kwamba ndege anayehesabiwa halishwi, atazoea, na hesabu itapotoka. Nikamwambia kwangu mgeni hatoki bila kula. Akaniacha. Angeninyang'anya ile mikebe siku hiyo hiyo, leo ningekuwa namkasirikia tu.

Mwezi wa nne ulipoanza, mtama wangu ulikuwa umeingia wadudu, umebaki maganda. Sikutaka kwenda sokoni kwa mvua ile. Mjomba wako Mulongo alikuwa amepita hapa mwezi wa tatu akielekea Kimilili kupanda, akaacha mfuko wa nailoni chini ya kitanda, mtama wa mbegu uliobaki walipogawana na wenzake. Mtama wa waridi. Ile rangi ya dawa ya kupandia.

Nilijua ni dawa. Nakuomba, usije ukanitetea kwa watu eti sikujua. Mtoto yeyote wa shamba anajua mbegu iliyopakwa rangi ni ya udongo, si ya mdomo. Lakini mwaka wa njaa, nikiwa msichana, mama yangu aliosha mahindi ya kupandia kwa maji matatu, akayaanika, akayapika, tukala. Tumbo lilituuma siku mbili tukanyamaza. Nilikuwa nimelibeba jambo lile maisha yangu yote kama ujuzi. Basi nikauosha mtama kwa maji matatu. Nikaongeza la nne, nikajiona mwangalifu kuliko mama. Rangi ilitoka, maji ya mwisho yakawa meupe. Nikauanika kwenye ungo ukawa kama mtama mwingine wowote. Nikasema, kumbe ni kuosha tu.

Jumamosi ile, tarehe ishirini na sita, tulimaliza kuhesabu wenzangu wakaenda zao. Nikamwaga mkebe wa kwera. Nikaona mtama ni kidogo. Viota vyote vilikuwa na watoto, Lorine, mti mzima unapiga kelele, na akina mama wanaruka huku na huku kama wanawake wenye sufuria motoni. Nikarudi ndani nikalileta beseni zima la ule uliobaki, nikamwaga wote.

Walishuka hata kabla sijanyoosha mgongo. Walikula wakipigana. Walikuwa wanaruka tawini, wanashuka tena. Nilikaa kwenye kiti changu nikawatazama, na nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilikuwa na furaha sana.

Jumapili nilitoka kwenda kanisani. Wa kwanza alikuwa kando ya mfereji, amelala chali, vidole vimekunjwa. Nikasema ni paka. Hatua mbili, mwingine. Halafu nikainua macho nikaona chini ya mgunga pote ni manjano, kama mtu amemwaga maua ya arusi.

Watoto wa mtaani walikuwa wamefika kabla yangu. Sydney alikuja mbio na glavu za kazi yake. Unajua ni fundi wa friji, na ile moja nzima aliyo nayo ndiyo aliyowawekea, ili wale wataalamu wanaosaidia kikundi waje wawapasue waseme ni sumu gani. Akaniambia, Kukhu, hata waliokufa huandikwa, tuhesabu. Nikasema sina mbegu. Nilihesabu kwa kokoto. Kwera thelathini na wanane. Tetere tisa. Na mwewe mmoja, ambaye hakula mtama, alikula walioula.

Nilijua pale pale. Nilikuwa na kokoto mkononi na najua. Nikafunga mdomo wangu.

Na watoto wao viotani walikuwa hai. Hili sijamwambia mtu ila Njoki, na sasa wewe. Walilia Jumapili yote. Jumatatu walilia. Hakuna ngazi inayofika matawi yale, vijana wawili walijaribu, miiba ikawarudisha damu ikiwatoka. Mimi nilikuwa naanika nguo chini yao. Jumanne nilipotoka kuchota maji palikuwa kimya, na nikaanza kuimba kwa nguvu ili nisikisikie kile kimya.

Sasa nifike kwa Abdiqani. Wewe unamkumbuka kama mwenye duka la mashuka na mapazia anayepigana na ndege. Ni kweli. Kamba zake ziko chini ya tawi la upande wa barabara, na kwera hawakuwahi kumheshimu. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba siku moja atatafuta shoka. Basi Jumapili ile haikufika saa sita mchana, mtaa ulikuwa umeshapata mwenye kosa. Mtu aliandika MUUAJI kwa makaa kwenye mlango wake. Nilimuuliza Njoki pale pameandikwa nini, akaniambia, nikasema lo. Nilisema lo tu, Lorine. Wanawake waliokuwa wamemwagiza mapazia walighairi. Watoto wake wakawa wanaulizwa njiani kama chakula cha kwao ni salama. Halafu maneno yako yakaja kutoka Kanada, na watu wakasema hata Lorine amesema, Lorine aliyeanzisha kuhesabu mgunga, basi ni kweli.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza siku sita. Niliogopa kunyang'anywa mikebe. Niliogopa kukosa kiti changu. Lakini zaidi ya hayo niliogopa wewe. Nimekulea tangu meno yako mawili, nimekuchapa na kukubusu kwa mkono mmoja huu, na sijawahi kuogopa mtoto niliyemlea. Nilikuogopa.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilikutana pale mferejini, watu kumi na wanne. Hakukuwa na kuhesabu. Vijana walikuwa wanasema twende dukani kwake tumtoe na mashuka yake. Sydney alikuwa anawatuliza lakini hata yeye alikuwa amechoka. Nikasimama. Nikasema, “Ni mimi. Mtama ulikuwa wangu.”

Unajua walifanya nini? Walinionea huruma. Kijana mmoja alicheka kidogo akasema Kukhu ana roho nzuri, anataka kumfichia mzee wa watu. Sydney akaniletea kiti, akaniambia kwa sauti ile ya kubembelezea wagonjwa, “Kaa, Kukhu. Hii si yako.”

Ikabidi niende nyumbani na goti langu, nilete beseni. Lilikuwa limebaki na duara la waridi pale chini, lile ambalo hata steel wool haikutoa. Nikaliweka chini mbele yao. Nikawaambia kuhusu Mulongo, na maji manne, na ungo. Mfereji ulikuwa unadondoka tu.

Sydney aliliinamisha beseni kwenye mwanga. Halafu akaniuliza swali moja. “Ulijua lini, Kukhu?”

Nikamwambia Jumapili, kabla ya kanisa.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu. Hakunitukana. Alichukua mikebe yote sita akaiweka ndani ya mfuko wake wa vyuma, akasema ataihifadhi kwa muda. Mchoro wako wa kwarara ulikuwa unatazama nje ya mfuko. Nilitaka anitukane, mama. Mtu akikutukana mnabaki wawili.

Kutoka pale nilienda moja kwa moja kwa Abdiqani, sikungoja nguvu ziniishie. Alikuwa anakunja mashuka. Hakunipa kiti, na hakuacha kukunja. Nilisema yote nimesimama. Nilipomaliza alikunja shuka jingine, akalipanga juu ya mengine, akasema, “Siku sita, mama. Mtoto wangu wa darasa la pili amerudi nyumbani siku sita akiniuliza kama mimi ni mtu mbaya.”

Nikamwambia sina la kusema. Akasema ni kweli, huna. Nikarudi.

Usifikiri jambo hili lina mwisho mtamu. Hajanisamehe, na mimi sijamwomba haraka. Lakini nikueleze la Jumatatu. Wataalamu hawakuhitajika tena, kwa hiyo ndege wakatoka kwenye friji wazikwe. Sydney alikuwa amechimba pale nyuma ya mfereji, na alikuwa nao kwenye mifuko ya plastiki. Abdiqani akaja, na shuka jeupe begani. Jipya, isipokuwa lilikuwa limechafuliwa na kinyesi cha kwera pembe nzima, lile ambalo hakupata kuliuza. Akamkabidhi Sydney, akasema, “Hili walishalinunua wenyewe.” Watu hawakujua kama wacheke. Yeye ndiye aliyecheka kwanza, kidogo, halafu akageuza uso. Tuliwafunga ndani yake wote, na mwewe juu. Alinipita akirudi dukani bila kunitazama. Lakini alishika ukingo wa shuka wakati wa kuteremsha, na mimi nilishika ukingo wa pili.

Mjomba wako Mulongo nilimpigia. Nilianza kwa kumgombeza kwa kuacha dawa chini ya kitanda cha mama yake, halafu nikamsikia analia. Mwanamume wa miaka hamsini na moja. Nikamwambia aache, mfuko haukujifungua. Wewe ukiongea naye usimguse hapo.

Nyumbani hapa mambo mengine ni yale yale. Kanisani tumepata mwalimu mpya wa kwaya, sauti anayo lakini anatupandisha juu kuliko shingo zetu. Njoki ameng'olewa jino na sasa anajidai hawezi kula sima ngumu, kwa hiyo napika laini na sisi wote tunateseka. Anaandika hili huku amenuna.

Juzi Jumamosi ilikuwa siku ya kuhesabu. Nilijiambia siendi. Nikavaa leso, nikatoka, nikasimama mbali karibu na kibanda cha mkaa kama mtu anayengoja mtu. Walikuwa wanahangaika. Hakuna aliyejua kiota gani kilikuwa kitupu tangu zamani na kipi kimefiwa na wenyewe, maana kwa macho vyote ni vikavu. Mmoja anasema tisa, mwingine ishirini. Sydney akafunga daftari. Akageuka akanitazama kule mkaani, halafu akauinua ule mkebe wa kwera juu.

Nilienda. Nikasema, sina cha kutia ndani, na mtama sitaushika tena hadi nife. Njoki, ambaye alikuwa amekuja kunichunga, akafungua mkoba wake wa kushonea akamimina kwenye kiganja changu vifungo vya manjano, vya zile nguo za watoto wa Sunday School. Akasema, mbele ya watu wote, “Hivi hata ukiviosha mara kumi, hakuna atakayevila.” Halafu nikamwona machozi yanamtoka, yule mwenye ulimi kama wembe, nikaketi kwenye kiti changu.

Lorine, mgunga uliokuwa na zaidi ya tisini. Nilikaa saa nzima. Nilitia kifungo kimoja, nikangoja. Nikatia kingine. Walionusurika wengi wamehama, na wachache waliobaki walikuwa wanakuja kwa kuogopa, wanakaa juu kabisa, hawashuki chini hata mmoja. Walijifunza, na mimi ndiye mwalimu wao. Yule mvivu niliyemwita Mulongo sikumwona. Nilimtafuta kila tawi, sikumwona.

Kumi na mmoja. Sydney alihesabu vifungo mara mbili akaandika kumi na mmoja.

Na mmoja wao alikuwa na jani bichi mdomoni. Upande wa barabara, katikati ya viota vile vya maiti, kuna pete moja ya kijani, ndogo, imeanza tu kufumwa. Kila mtu alishangilia. Mimi sikuweza. Niliinamisha kichwa nikatazama mkebe.

Karatasi ya kumi na mmoja ndiyo itakayopelekwa ofisini mwisho wa mwezi. Hatujui yule mzee atasema nini. Ndege kumi na mmoja ndio wanaushikilia mti mzima sasa.

Sasa ninachotaka kwako, na hili si ombi. Uandike kwenye kikundi, kwa jina lako, kwamba ulimsingizia Abdiqani, na kwamba unamwomba radhi yeye na mkewe na watoto wake. Uliyasema mbele ya watu wote, uyatoe mbele ya watu wote. Usiandike kwamba nyanya yako ni mzee. Usiandike kwamba hakusoma. Sikuhitaji kusoma ili niufungue mdomo wangu Jumapili ile. Andika ni nyanya yangu Nerima, aliua kwa kudhani anajua, akanyamaza siku sita mtu mwingine akiumia. Andika hivyo hivyo. Mimi nilishayasema kwa mdomo, hayaniongezei kitu.

Na wewe ukiyaona hayo uyachukie yale niliyoyafanya kadiri unavyotaka. Nikasirikie. Nitukane kwa simu, safari hii sitakata. Lakini usiache kupiga.

Kwa siku hizi mbili nimekuwa nikijiuliza kama unaweza kuniona tena kama Kukhu wako au utakuwa ukiniona na beseni mkononi. Ukija Desemba utanitazama, na mimi nitajua kabla hujatoa mizigo.

Salamu zako kutoka kwa Mulongo na watu wote wa Kimilili. Njoki anakusalimu na anasema urudi umenenepa, ana kitambaa chako cha gauni na hataki kukipunguza. Sydney anakusalimu, ingawa siku hizi anatoa salamu zake kwa ufupi. Msalimie yule bibi wa Kanada unayemwogesha, anayependa kushikwa mkono. Mwambie nimesema umshike. Mungu akufunike huko kwenye baridi, akulinde mikono yako, akurudishe ukiwa na moyo ule ule uliokwenda nao.

Ndani ya bahasha, ukitikisa, kitatoka kifungo kimoja cha manjano. Usikitupe. Jumamosi tulihesabu kumi na mmoja, na ndani ya mkebe nimeacha kumi. Wa kumi na moja yuko kwako, na mahali pake ni huku. Mlete mwenyewe.

Mimi ninayekupenda, ukinisamehe na usiponisamehe,

Kukhu wako,
Nerima.